Mzazi, Usisubiri Siku ya Onyesho Ndipo Uulize Kuhusu Nguo



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalotusumbua kila shule au mtaa unapoandaa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo. Mtoto anarudi nyumbani na furaha, amepewa nafasi ya kuimba. Anafanya mazoezi wiki 6. Siku 2 kabla ya onyesho anakabidhiwa nguo: inambana na haina mikono. Mama anakataa, binti analia, nafasi anapewa mwingine. Hayo yalimkuta binti yangu mwaka 2022, akiwa na miaka 15. Nilimlaumu mwalimu wake sana. Leo nakiri kwamba lawama nyingine ni yangu, maana wiki zote zile sikuuliza hata siku moja atavaa nini.

Mwaka 2023 kikundi cha mtaa wetu hapa Kampala kiliandaa mchezo wa nyimbo kuhusu kwanjula, sherehe ya binti kumtambulisha mchumba wake kwa wazazi. Mimi ni fundi cherehani, nikaomba kushona mavazi. Waimbaji walikuwa wachache, basi nikaambiwa niwe pia mmoja wa mashangazi wa bibi harusi. Mchana nashona, jioni naimba.

Alhamdulillah, nilijifunza mengi ambayo nisingeyajua kwa kukaa kwenye cherehani tu.

Kwanza ni mwanga. Kanzu nyeupe au gomesi ya kitambaa chepesi huonekana ya heshima kabisa dukani. Taa kali ikiwaka nyuma ya mwigizaji, miguu yote inaonekana. Ilibidi tutie bitana. Pili, sisi mafundi humpima mtu akiwa amesimama wima, lakini mwimbaji hunyanyua mikono, na binti wa Kiganda hupiga magoti kusalimia wakubwa. Pindo linapanda, mabega yanavuta. Siku hizi nampima mtu akiwa katika mwendo wake wa jukwaani. Tatu ni pumzi. Mshipi wa gomesi ukikazwa kabla mtu hajavuta pumzi, hawezi kumaliza ubeti. Nne ni mtandio. Kitambaa kinachoteleza kinamfanya msichana ashike kichwa muda wote, na kizito juu ya masikio kinamzuia kusikia kinanda. Pamba nyepesi, na kofia ndogo ya kubana nywele chini yake, inatosha.

Hata gomesi yenyewe husimuliwa kwamba ilizaliwa hivyo hivyo. Fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes aliombwa awashonee wasichana wa shule ya Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905, kwa sababu shuka walizojifunga zilikuwa zikifunguka walipopiga magoti na kufanya kazi. Fundi alimtazama mvaaji na kazi yake, ndipo akakata kitambaa.

Wapo watakaosema anayeshona na kuimba pamoja hatafanya lolote sawasawa. Wana haki kidogo. Nguo yangu niliimaliza ya mwisho, usiku, na mshipi nikaushika kwa pini. Wimbo wa pili pini ikaachia, nikaimba huku mkono mmoja uko kiunoni, watu wakidhani ndiyo mikogo ya shangazi! Ushauri wangu: ukishona na kuigiza, mweke mtu mwingine nyuma ya pazia mwenye sindano na uzi, kwa sababu wewe hutaweza kutoka.

Wapo pia wasiotaka kabisa watoto wao waingie kwenye michezo ya kuigiza. Hao nawaheshimu, kila nyumba ina uamuzi wake. Nasema na wale waliokwisha kuruhusu. Ndugu yangu, ukishamruhusu mtoto, usimwache peke yake. Heshima ya vazi huamuliwa siku kitambaa kinaponunuliwa na futi inapozungushwa mwilini. Ukija kulalamika siku ya onyesho umechelewa, na anayelipa ni mtoto. Nenda wiki ya kwanza. Uliza kwa adabu. Kama unajua kushika sindano, jitolee. Kama hujui, changia bitana. Nimeona kwamba walimu na viongozi wa vikundi hawakatai. Mara nyingi hawajui tu tunachotaka, kwa sababu tunanyamaza hadi mwisho.

Na nyinyi wanafunzi, msiwafiche wazazi wenu hadi dakika ya mwisho kwa kuogopa kukatazwa.

Binti yangu aliimba katika mchezo ule. Alivaa gomesi, na kwa kuwa mikono yake ni mifupi, ndani nilimshonea blauzi ya mikono mirefu ya rangi ile ile. Kati ya watazamaji hakuna aliyeuliza kwa nini. Walimsikiliza tu akiimba.

Wabillahi tawfiq.