Kijana, Mtihani na Riwaya: Maoni Kuhusu Athari na Safari ya Kiuandishi ya Ken Walibora

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu wahakiki wa Kiswahili tumekuwa na desturi ya kuigawa riwaya katika mafungu mawili. Lipo fungu la riwaya zinazostahili kuhakikiwa, na lipo fungu la riwaya zinazostahili kusomeshwa. Za kwanza huandikiwa tasnifu, za pili huandikiwa miongozo. Ken Walibora, aliyefariki Nairobi mwezi Aprili 2020, amewekwa na wengi katika fungu la pili. Atajwapo, hutajwa kwanza kama mwandishi wa vitabu teule vya shule za sekondari za Kenya. Hata tasnifu zilizoandikwa juu ya kazi zake, nazo si haba, aghalabu hufuata vichwa vile vile vya mwongozo: ploti, wahusika, dhamira, tamathali za usemi.

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja. Maoni yetu ni kwamba Walibora alikuwa mwanariwaya wa vijana kwa kuchagua. Uchaguzi huo una mizizi katika riwaya ya Kiswahili iliyomtangulia, na mhakiki anayeuona kama upungufu hujinyima njia ya kuelewa mchango wake. Ili kuitetea hoja hii tutaangalia athari zinazojitokeza katika kazi zake, kisha tutazame pingamizi ambazo msomaji makini anaweza kuzitoa.

2.0 Kutoka Tanga Kwenda Kapenguria

Siku Njema ilichapishwa mwaka 1996. Msimulizi wake ni kijana Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu, ambaye anafiwa na mama na hatimaye anafunga safari kutoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Safari hiyo inamfikisha Kapenguria. Muhtasari huu anaujua kila aliyewahi kuisoma riwaya hii darasani. Lisiloulizwa mara nyingi ni kwa nini safari ianzie Tanga na kuelekea kaskazini-magharibi mwa Kenya.

Jibu letu linaanzia katika maisha ya mwandishi. Walibora alikulia Trans Nzoia, bara ya Kenya, mbali na pwani. Kwa mwanafunzi wa bara wa kizazi chake, Kiswahili fasaha kilikuwa kitu chenye makao kwingine. Kilisikika redioni, kilisomwa katika vitabu vya Watanzania, na kilidhaniwa kuwa mali ya watu wa mwambao. Mwanafunzi huyo alijifunza kukitazama Kiswahili kama msafiri atazamavyo mji ulio mbali. Walibora aliigeuza safari hiyo. Katika riwaya yake ni mtoto wa pwani anayekwenda bara kutafuta nasaba yake, na lugha anayo tayari.

Tanga nayo haikuchaguliwa bure. Ni nchi ya Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji huo. Mwandishi kijana aliyemchukua shujaa wake kutoka Tanga alikuwa, kwa maoni yetu, akikiri deni. Jina la shujaa linaongeza uzito wa jambo hili. Kongowea ni jina la kale la Mombasa, linalojulikana katika ushairi wa karne ya 19. Mswahili ni jina ambalo watu wa mwambao wenyewe wamebishana kwa vizazi kuhusu nani alistahili. Kumpa majina hayo mawili kijana ambaye baba yake yuko bara ni kutoa hoja katika mjadala huo bila kuutaja. Kapenguria nako ndiko alikoshtakiwa Jomo Kenyatta na wenzake mwaka 1952 na 1953. Kijana anayekwenda kumtafuta baba katika mji huo anabeba swali lililo kubwa kuliko familia moja.

Wasomaji wa kwanza wa riwaya hii walikuwa tayari kulipokea swali hilo. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi na za sekondari. Kufikia mwaka 1996 kilikuwapo kizazi kizima cha vijana waliokuwa wakipewa alama kwa lugha ambayo wengi wao hawakuizungumza nyumbani. Kongowea, ambaye hana baba, hana mali na hana mlinzi, anasimama kwa sababu anaijua lugha yake na anaweza kuandika. Kwa vijana wale hilo lilikuwa jambo zito. Riwaya iliwaambia kwamba Kiswahili ni urithi, na kwamba mtu anaweza kuurithi hata kama hakuzaliwa nao.

3.0 Nchi za Kubuni na Majina Yenye Maana

Athari ya Shaaban Robert haiishii Tanga. Kusadikika na Kufikirika zilitupa nchi zisizo katika ramani na wahusika ambao majina yao hutangulia matendo yao. Walibora aliupokea utaratibu huo na kuutumia upya. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), nchi inaitwa Tomoko, mtawala wa Sokomoko anaitwa Mtemi Nasaba Bora, mwalimu mwenye kiburi anaitwa Majisifu, na vijana wawili wanaoingia katika himaya hiyo wanaitwa Amani na Imani. Wapo wanaouona mtindo huu kuwa wa kitoto. Tungewakumbusha kwamba Karama na Utubora hawajawahi kuitwa wahusika wa kitoto. Yanayokubaliwa kwa mwandishi wa mwaka 1951 yanakataliwa kwa mwandishi wa leo kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wa leo anasomwa na wanafunzi waliovaa sare.

Katika Kufa Kuzikana (2003), mbinu ya majina inakuwa kali zaidi. Akida na Tim ni marafiki kutoka makabila mawili yanayouana, Wakanju na Wakorosho. Kila ajuaye Kiswahili anajua kwamba kanju na korosho ni tunda la mti mmoja. Walibora hakuhitaji kuhubiri kwamba mapigano yale hayana msingi. Alilitia fundisho katika majina na kumwachia kijana alitafute. Ni vyema kukumbuka kwamba Bonde la Ufa, eneo alilokulia mwandishi, lilikumbwa na mapigano ya kikabila wakati wa uchaguzi wa mwaka 1992 na likakumbwa tena mwaka 1997. Miaka minne baada ya riwaya kutoka, Kenya iliingia katika machafuko makubwa zaidi ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007.

Hapa ndipo tunapoona athari ya pili. Riwaya za Kezilahabi za miaka ya 1970, yaani Rosa Mistika, Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo, zilimleta kijana katikati ya riwaya ya Kiswahili na kumwonyesha jinsi jamii inavyoweza kumvunja. Walibora alimrithi kijana huyo pamoja na majeraha yake. Tofauti yao iko katika mwisho wa safari. Kijana wa Kezilahabi hufikia ukuta, na aghalabu hufa. Kijana wa Walibora hufikia ukuta huo huo, lakini mwandishi humtafutia mlango. Kwa Shaaban mlango huo ungekuwa adili. Kwa Walibora, mara nyingi, ni kusoma na kuandika.

4.0 Mswada Ulioibwa

Sehemu ya Kidagaa Kimemwozea inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote ni ile ya mswada. Amani ameandika riwaya. Mwalimu Majisifu, mtu mwenye cheo na sifa za uandishi, anaichapisha kwa jina lake mwenyewe. Kichwa cha riwaya hiyo iliyoibwa ndicho kichwa cha riwaya tunayoisoma. Kwa hila hiyo Walibora anawaambia wasomaji wake vijana kwamba kitabu walichokishika mikononi ni kazi ya kijana mwenzao, na kwamba aliyepora jasho lake ni msomi.

Sisi wanataaluma tumeizungumza sehemu hii kama mfano wa dhamira ya ufisadi, tukapita. Tungefanya vyema kusimama hapo, kwa kuwa mshtakiwa ni mtu wa aina yetu. Walibora aliyajua mazingira hayo. Alisoma habari kwa Kiswahili katika shirika la utangazaji la taifa na baadaye katika televisheni, akaandika katika Taifa Leo, akahitimu uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 2009, akafundisha Wisconsin kabla ya kurejea Nairobi. Tasnifu yake ilihusu masimulizi ya waliofungwa kwa sababu za kisiasa nchini Kenya. Mtafiti wa maandishi ya wafungwa ndiye aliyeandika juu ya kijana anayenyang'anywa maandishi yake na baadaye kutiwa kizuizini. Utafiti wake na riwaya zake za vijana zilitoka katika chemchemi moja: haki ya mtu asiye na mamlaka kusimulia habari zake mwenyewe.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la sadfa. Husemwa kwamba katika riwaya za Walibora watu hukutana kwa bahati mno, na mambo hujirekebisha kwa wepesi usioaminika. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, hasa kwa Siku Njema. Hata hivyo, hadithi ya yatima anayesafiri na hatimaye kutambuliwa ni ya kale sana katika fasihi simulizi yetu, na katika hadithi hiyo sadfa ni kanuni ya utanzu. Aidha, anayesema kwamba Walibora hajui kuandika huzuni hajaisoma Kufa Kuzikana hadi mwisho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hatuna nia ya kulikwepa. Katika Kidagaa Kimemwozea Amani anaandika, anapanga na anafichua. Imani anavumilia, anafanya kazi ya nyumbani na anawalea watoto wa Majisifu wenye ulemavu. Ana moyo mkubwa, lakini hana mswada. Mwandishi aliyewafundisha vijana kwamba kalamu ni mlango aliwaacha wasichana wengi wakimtazama mvulana akipita. Kasoro hii haiwezi kuonekana kwa kuorodhesha sifa za wahusika, kama miongozo ifanyavyo. Inaonekana tunapokubali kwamba riwaya ya vijana ina falsafa, na kwamba falsafa hiyo inaweza kuhojiwa.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Walibora aliwapokea Shaaban Robert na Kezilahabi kama mrithi mwenye maoni yake, na kwamba alimwelekezea kijana kazi yake kwa sababu aliamini kuwa kijana ndiye msomaji ambaye riwaya inaweza bado kumbadilisha. Imani hiyo ndiyo iliyowafanya Wakenya wengi, wakiwa watu wazima, waendelee kumkumbuka Kongowea muda mrefu baada ya mtihani kupita.

Inatupasa basi kubadili mwenendo. Riwaya ya vijana iingizwe katika kozi za nadharia ya riwaya, isiachwe katika kozi za ualimu peke yake. Tasnifu zipimwe kwa swali zinalouliza, si kwa urefu wa orodha ya dhamira. Na makala za Walibora zilizotawanyika magazetini zikusanywe na kuhifadhiwa kabla hazijapotea. Amani aliporwa mswada wake na mtu mmoja mwenye tamaa. Kazi ya Walibora inaweza kupotea kwa njia ya taratibu zaidi, yaani kusomwa na maelfu kwa ajili ya alama, kisha kutosomwa tena na yeyote kwa ajili ya maana. Lawama hiyo itakuwa yetu.