Berlin peke yangu, na namba sita zilizobaki Nairobi

Najua nimepotea kwa muda, na wengine mmeshaniandikia mkiuliza kama nimehamia ughaibuni. La, niko papa hapa Nairobi. Ila Novemba 2024 nilisafiri hadi Berlin, peke yangu, kwa mkutano wa siku tatu wa watengenezaji programu. Kabla ya hapo safari zangu za nje zilikuwa Kampala na Arusha, kwa basi, tena na marafiki. Kila mtu ananiuliza kuhusu baridi. Baridi ipo, nunueni koti. Mimi nataka kuzungumzia namba sita.

Nilikuwa nimeweka kila kitu ndani ya simu: tiketi, ramani, anwani ya nyumba nitakayolala, benki yangu. Mama alipokuja kuniaga akauliza, "Na simu ikizima, mwanangu?" Nikacheka. Nikamweleza habari za chaji ya akiba. Hakushawishika (alifundisha shule ya msingi miaka mingi, hashawishiki kirahisi), akanipa bahasha iliyotumika na kalamu. Nikaandika anwani, jina la mwenye nyumba na namba yake ya simu, ili tu tumalize mjadala.

Nikatua Berlin. Uwanjani kuna Wi-Fi, nikaunganisha, nikataka kulipia laini ya kule kwa kadi. Benki ikasema: tumetuma namba ya siri kwa arafa. Nikangoja. Hakuna kitu. Laini yangu ya Kenya haikuwa imefunguliwa kutumika nje ya nchi, kwa hiyo arafa ilikuwa inaelea mahali fulani isinifikie. Nikaomba namba tena. Na tena. Mara ya tatu mfumo ukaniona mwizi, ukafunga kadi, ukaniambia nipige simu huduma kwa wateja. Namba yenyewe ni ile fupi ya tarakimu chache, ambayo ukiwa nje ya Kenya haipatikani kabisa! Mfukoni nilikuwa na euro hamsini.

Nikanunua tiketi ya treni kwa noti. Hapa mnisamehe nitoke njiani kidogo. Stesheni za Berlin hazina malango ya kukuzuia. Unanunua tiketi, unaigonga muhuri mwenyewe kwenye kimashine kilicho jukwaani, unapanda. Wakaguzi huja wakati wowote, wengine wamevaa kama abiria, na ukikutwa huna tiketi halali faini ni euro 60. Mtu aliyezoea kondakta wa matatu kumgusa bega anapata shida kuamini. Yaani mji mzima unaanza kwa kukuamini, halafu benki yako mwenyewe, inayokujua kwa kitambulisho na alama za vidole, inakufungia mlango.

Ramani, kwa upande wake, haikuniangusha. Nilikuwa nimeipakua nikiwa nyumbani, na GPS haihitaji intaneti: setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 na ushei hutangaza saa na mahali zilipo, simu husikiliza tu na kupiga hesabu. Nikatembea hadi mtaa niliotaka. Saa kumi na moja jioni na giza totoro, huko jua la Novemba huzama mapema. Nikiwa mbele ya jengo, simu ikazima. Chaji ya akiba ilikuwa kwenye begi kubwa, nayo ilikuwa tupu (ndiyo, msinicheke).

Nikadhani nitatafuta namba ya nyumba. Hakuna namba. Kwenye majengo ya Ujerumani kengele za mlangoni huandikwa majina ya ukoo, basi. Vitufe kama ishirini, majina nisiyoweza kuyatamka. Nikatoa bahasha ya mama, nikalinganisha herufi moja moja, nikabonyeza.

Siku ya pili nikakutana mkutanoni na mwanafunzi Mtanzania. Nilipomsikia akisema "pole sana kaka" nusura nimkumbatie. Kwa Wi-Fi nikampata dada yangu kwa WhatsApp, dada akatuma M-Pesa kutoka Nairobi hadi kwa shangazi wa yule ndugu, Moshi, na ndugu akanihesabia euro mkononi. Nchi tatu, dakika chache, na hakuna aliyeniomba namba sita.

Sasa lawama. Ningependa kuilaumu benki peke yake, lakini mwaka 2021 mimi mwenyewe niliandika mfumo wa aina hiyo hiyo kwa sacco moja. Niliujaribu nikiwa nimekaa kitini, simu iko mezani, mtandao umejaa. Ukafanya kazi vizuri ajabu. Mtumiaji niliyemfikiria hajawahi kuvuka mpaka wala kupoteza laini.

Na dawa ipo zamani. Namba zinazozalishwa ndani ya simu yenyewe, kutokana na siri iliyohifadhiwa na saa, kwa kawaida zikibadilika kila sekunde thelathini, zina kiwango kilichochapishwa tangu 2011. Hazihitaji laini wala intaneti. Mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliweka namba zinazotumwa kwa mtandao wa simu katika kundi la njia za kutumiwa kwa masharti, na sisi tunaojua wizi wa kubadilishiwa laini hatuhitaji kuelezwa sababu.

Mwenzangu kazini anabisha kwamba arafa inafika hata kwenye kabambe, na wateja wetu wengi wana kabambe. Ana haki, na sisemi tuiondoe. Nasema iwe na mlango wa nyuma: orodha ya namba za dharura ambazo mtu anachapisha kabla ya safari, na simu ya huduma yenye namba kamili inayoanza na +254. Zaidi ya hayo, kampuni zinazotutumia arafa huturudishia taarifa kama ujumbe umefika au la. Kama seva inajua kwamba ujumbe haujafika, kwa nini inamhesabia mtu makosa? Huo ni uvivu wetu. Mistari kumi ya msimbo, pengine kumi na tano.

Kadi yangu ilifunguliwa niliporudi, baada ya foleni ya asubuhi nzima tawini. Karani akaniuliza mbona nilisafiri bila kuwaambia.

Mfumo wa sacco nimeanza kuurekebisha. Mweka hazina alitaka kujua ni wanachama wangapi husafiri nje, nikamjibu ninayemjua kwa hakika ni mmoja, tena ni mimi. Amesema atalipeleka kwa kamati Jumatatu.