Wagonjwa Hawakupungua, Walibaki Nyumbani

Mwandishi wa makala ya juma lililopita anadai kuwa kupungua kwa wagonjwa wapya wa saratani ya mapafu Uingereza mwaka 2020 ni ushahidi kwamba zamani watu walipimwa kupita kiasi. Haya! Basi tufunge zahanati zote, malaria iishe.

Kwa miaka mingi Waingereza walihimizwa: kikohozi kikipita wiki tatu, muone daktari. Machi 2020, korona iliposambaa, wakaambiwa kinyume chake: ukianza kukohoa, jifungie ndani. Mzee aliyevuta sigara tangu ujana akatii. Hata aliyefika hospitali alikuta bronkoskopia, ule mrija wenye kamera unaoingizwa mapafuni, imepunguzwa, kwa sababu humfanya mgonjwa akohoe na kumrushia daktari virusi usoni. Na mpango wa kuwapiga picha za CT wavutaji wasio na dalili ukasimamishwa kwa muda.

Uvimbe haukusimama. Ukikutwa ungali mdogo, hukatwa na mtu huweza kupona kabisa. Ukishasambaa, mara nyingi dawa huongeza muda tu. Kwa hiyo mwandishi asituhesabie waliogunduliwa peke yao. Atuambie waligunduliwa wakiwa hatua ya ngapi, na wangapi waliingilia mlango wa dharura.