KAKA WA KAKI ZA 1918: Buti Umepata, Je Mzigo Atabeba Nani?

Wadau, kuna kaka mmoja wa hapa Tunduma, jina kapuni, siku hizi katujaza klipu tu. Anajiandaa kutembea "kama askari halisi wa 1918" kutoka Mbozi mpaka mpakani. Katuonyesha kaki za kushonesha, tarbushi, vitambaa vya kuzungusha miguuni, mkanda wa ngozi na buti mpya zinazong'aa mpaka unajiona. Mashabiki wanamwaga makopa. Sawa, kapendeza, hatukatai. Ila juzi kaulizwa, mabegi na maji je? Akajibu bila hata kupepesa macho: bodaboda atatangulia nayo.

Hapo ndipo ugomvi wetu na yeye unapoanzia.

Safari anayotaka kuigiza ilikuwepo kweli, na ilipita mlangoni kwetu. Mwishoni mwa Septemba 1918, jeshi la Mjerumani von Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma likitokea Msumbiji huku Waingereza wakiliwinda. Likapanda Ubena, likazunguka kaskazini ya Ziwa Nyasa, likapita misheni ya Mbozi. Mwanzoni mwa Novemba likashambulia Fife, kituo cha Waingereza ng'ambo ya mpaka, si mbali na Nakonde ya leo. Tarehe 9 likaingia Kasama. Tarehe 13, pale mto Chambeshi, ndipo habari ikawafikia kwamba Ulaya vita vimeisha tangu tarehe 11. Tarehe 25 wakaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia.

Sasa sikiliza hesabu ya siku ile ya kusalimu amri: Wazungu 155, askari 1,168. Waliobaki ni wapagazi, wanawake na watoto, na hao walikuwa wengi kuliko askari. Yaani ukipiga picha ya msafara mzima, mwenye bunduki ni wachache. Wengi wana mzigo kichwani, sufuria mkononi au mtoto mgongoni. Kaka yetu anasema anaigiza msafara halisi, halafu kachagua kundi dogo lenye nguo nzuri, wengine wote kawafuta.

Tena hata hizo nguo ni uongo mtakatifu. Ukitaka kaki iliyonyooka na buti mpya, igiza 1914. Novemba 1918 watu hawa walikuwa na miaka minne porini. Bunduki na risasi nyingi walikuwa wamewanyang'anya Wareno na Waingereza. Nguo zilikuwa viraka, viatu kwa wengi vilishakuwa hadithi. Juu ya hapo, mafua makali yaliyokuwa yanaua watu dunia nzima mwaka ule yaliwakuta njiani, na Jenerali Wahle mwenyewe aliachwa Ubena kwa sababu ya ugonjwa. Kwa hiyo kaka, kama unataka uhalisia, hizo buti zirudishe dukani.

Tuje kwenye mzigo, maana ndio stori yenyewe. Mpagazi wa vita vile alibeba kama kilo 25, mbali na vikorokoro vyake. Gari lilikuwa haba, na mbung'o walimaliza wanyama wa kubeba. Kilichobaki ni shingo ya mtu. Piga hesabu mwenyewe: mtu kabeba kilo 25 za unga, anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, unaofika kwa askari ni kilo tano tu. Ndiyo maana kila askari mmoja alihitaji watu wengi nyuma yake, na vijiji vikakombwa wanaume. Upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa watu wanaokaribia milioni moja, na vifo vyao vilivyoandikwa vinazidi 90,000. Risasi haikuwa muuaji mkuu. Kuhara, malaria, njaa na kuchoka ndivyo vilivyowamaliza. Ng'ambo waliwaita tenga-tenga. Dar kambi yao ya Carrier Corps imetuachia jina la Kariakoo, ambako wengi wetu tunaenda kununua viatu bila kujua jina limetokea wapi.

Na chakula kilitoka wapi? Majeshi yote mawili yalikuwa yanakula kwenye maghala ya watu. Ukipita Mbozi na bendera yako, kumbuka unapita kwenye mashamba ya mabibi waliobaki na vihenge vitupu.

Najua utetezi unakuja: "acheni wivu, ni burudani tu, na askari si walikuwa Waafrika wenzetu?" Walikuwa, na waliteseka, hakuna anayebisha. Lakini wao wamekumbukwa angalau kidogo. Wana sanamu pale katikati ya Dar tangu 1927, na mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa wazee waliobaki hai. Pale Dar aliyesimama juu ni mwenye bunduki, peke yake. Juu pale mpagazi hayupo. Sasa miaka zaidi ya mia imepita, kijana wetu anapata nafasi ya kuirekebisha picha hiyo mbele ya watu kibao, na anarudia kosa la sanamu lilelile.

Burudani haizuii ukweli. Ukivaa suti ya bwana harusi kwenye video ya muziki hakuna atakayekudai cheti cha ndoa. Lakini ukiandika neno "halisi" juu ya klipu, umejidai mwenyewe.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba unaishi Tunduma, kaka. Mji huu hauhitaji makumbusho kujua mzigo ni nini. Toka asubuhi kasimame pale mpakani, foleni ya malori kushoto, uone vijana wanaovusha viroba kwa kichwa, kwa toroli, kwa baiskeli, wakibishania mia tano. Hao ndio wangekufundisha maandalizi: namna ya kufunga kata, kubadilisha bega, kujua kisigino kimeanza kuchubuka kabla hakijakulaza. Na wewe unawapita unaenda kwa fundi cherehani.

Ushauri wetu ni wa bure. Bodaboda abaki kijiweni. Chukua kiroba cha kilo 25, anza mazoezi kidogo kidogo usije ukavunjika shingo. Kula ugali kwa kipimo. Alika wadada watembee kwenye msafara, si pembeni kushika simu. Nenda kwa wazee wa Mbozi, Wanyiha na Wanyamwanga, waulize walichosimuliwa kabla hawajaondoka nacho. Na kama utamkodi mtu akubebee, basi mpe jina lake kwenye klipu, umlipe vizuri, na umweke mbele ya kamera.

Usipofanya hivyo, sisi tutaendelea kuyaita maonyesho ya mavazi.

Mdau, kwenu kuna babu au bibi aliyesimulia habari za kubebeshwa mizigo ya vita? Dondosha hapo chini, majina na vijiji. Na wale wa "mnamuonea wivu" karibuni pia, tupo.