Askari, Kalamu na Jina la Mukeke

Sheria hupitishwa katika Jumba la Kigobe, linamokutana Bunge letu, lakini hazitekelezwi Kigobe. Hutekelezwa ziwani usiku na katika vizuizi vya barabarani, na mtekelezaji wake ni askari ambaye hatimaye hana budi kushika kalamu. Kalamu hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo, kwani twaona imedharauliwa.

Samaki tunayemwita mukeke hapa Bujumbura, ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka. Ndagala wetu kwao ni dagaa, na Zambia ni kapenta. Ziwa ni moja, nchi ni nne. Hati ya mzigo uliokamatwa ikivuka mpaka, jina lipi lisimame mbele ya hakimu? Ni kwa matatizo ya namna hii Carl Linnaeus wa Uswidi aliweka utaratibu wa majina mawili ya Kilatini, kwa mimea mwaka 1753 na kwa wanyama mwaka 1758. Mukeke ni *Lates stappersii* popote duniani.

Utaratibu huo si mgumu kuliko gwaride. Jina la kwanza, yaani la jenasi, huanza kwa herufi kubwa. La pili kwa herufi ndogo, hata likitokana na mtu au mahali. Daktari Stappers wa Ubelgiji, aliyechunguza ziwa hili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, hapewi herufi kubwa. Wala Tanganyika yenyewe haipewi katika *Stolothrissa tanganicae*, ndiye ndagala. Chapani majina haya hulazwa. Anayeandika kwa mkono huyapigia mstari chini.

Jina likishaandikwa kamili mara moja, jenasi huweza kufupishwa. Hapo pana mtego: lumpu, jamaa yake ndagala, ni *Limnothrissa miodon*. Afisa akiandika “L.” kwa lumpu na kwa mukeke katika taarifa moja, amechanganya ushahidi wake mwenyewe. Na asiyeijua spishi asibahatishe, aandike jenasi, kisha “sp.”

Hatari kubwa zaidi iko kwenye vibali. Burundi ilijiunga mwaka 1988 na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973. Mwaka 2016 wanachama waliamua kuwaingiza kakakuona wote katika orodha ya ulinzi mkali kabisa. Sasa, kakakuona mkubwa huandikwa *Manis gigantea* Illiger, 1815, na pengine *Smutsia gigantea* (Illiger, 1815). Mnyama ni yuleyule. Mabano yaonyesha tu kwamba amehamishwa kutoka jenasi aliyopewa na Illiger. Askari asiyejua hilo aweza kumwachia mlanguzi aendaye na magamba, akidhani jina la kwenye hati halimo katika orodha aliyopewa.

Twaomba vyuo vya polisi na vya jeshi vitenge walau saa moja kwa somo hili, na kila kizuizi kiwe na orodha yenye majina yote mawili, la zamani na la sasa.