Taa Moja Haitoshi

Mwalimu wa kijijini akifunga safari kwa baiskeli hakosi pampu, solusheni na vipande vya mpira wa kuzibia pancha. Mzigo huo haumlemei, maana anajua kwamba tairi likitoboka atatembea kwa miguu. Lakini kiza kikiingia, mwalimu huyo huyo huitegemea taa moja tu, na pengine hana hata hiyo moja. Hiki ni kioja: mtu ameweka akiba ya jambo litakalomchosha, akasahau akiba ya jambo linaloweza kumwua.

Tanzania haina machweo marefu kama ya Ulaya. Jua likizama, giza hutanda kabla ya nusu saa kwisha. Mtumishi aliyetoka ofisini kungali kweupe humaliza safari yake gizani, tena kando ya barabara kuu yenye malori na mabasi. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva awe hodari namna gani, na lami iwe kavu, halitasimama kabla ya kupita mita 50. Asiyeonekana kutoka umbali huo ameiweka roho yake rehani.

Visingizio havikosekani. Yuko asemaye kwamba barabara anaijua. Naam, yeye anaijua barabara. Dereva wa lori atamjuaje yeye? Mwingine hujivunia tochi ya simu, akaishika kwa mkono mmoja na usukani kwa mkono wa pili, hata breki moja ikabaki bila mwenyewe. Tochi hiyo humulika mbele tu, na gari linalomfikia kwa nyuma halioni kitu. Wa tatu hutegemea kile kioo chekundu cha madigadi. Kioo hicho hakina mwanga wake chenyewe. Hurudisha mwanga wa mwingine, na kikipakwa tope hakirudishi chochote.

Wapo pia wanaosema kwamba taa wanayo, basi yatosha. Hawa ndio wanaostahili kujibiwa kwa kirefu. Balbu za zamani zilikuwa na adabu ya kuaga: betri zikichoka, mwanga uligeuka manjano, ukafifia pole pole, mwenye taa akapata nafasi ya kujihadhari. Taa nyingi za siku hizi zenye betri za kuchaji huwaka kwa nguvu karibu hadi mwisho, kisha huzimika ghafla, pengine katikati ya mteremko. Dainamo haidai betri, lakini ile ya kawaida huzima baiskeli ikisimama, yaani pale pale njia panda. Na mvua ikinyesha, kigurudumu chake huteleza juu ya tairi. Hapana taa isiyo na siku yake ya kufa. Kwa hiyo taa ndogo ya pili, pamoja na betri kavu zilizofungwa katika mfuko wa nailoni, ni sehemu ya baiskeli kama ilivyo pampu. Betri hizo ziwe mpya zote, maana iliyochoka ikichanganywa na nzima huivuta nayo ichoke. Zile zilizoanikwa juani zipate nguvu tena huamka kwa muda mfupi tu. Hizo si akiba.

Hata hivyo, ni uonevu kumtupia lawama zote mpanda baiskeli. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani unataka baiskeli iwe na vifaa vya kuonyesha mwanga mbele, na mwanga mwekundu nyuma. Zaidi ya nusu karne imepita, na baiskeli zingali zinauzwa madukani bila taa, kana kwamba usiku umefutwa. Ajali ikitokea, huandikwa kwamba marehemu hakuwa na taa, na jalada likafungwa. Hakuna aulizaye ni nani aliyemkabidhi mhudumu wa afya baiskeli ya kazi isiyo na taa, wala ni nani aliyeendesha kikao cha walimu hadi saa moja jioni akijua kwamba nusu yao wanakaa mbali.

Ofisi inayotoa baiskeli kwa kazi ya umma na itoe taa mbili za mbele, moja nyekundu ya nyuma, na fungu la betri kila mwezi, vyote viandikwe katika daftari la bohari pamoja na mipira na minyororo. Mkuu wa shule asiye na fungu hilo anaweza walau kufunga kikao saa kumi.