Lisemwalo Lipo? Ya Injini ya Cummins na Mkopo wa Miezi 72

Najua nimepotea siku nyingi. Mitihani imenibana, baridi nayo haina huruma, na kusema kweli kuna jambo lilikuwa linanikera rohoni nikawa sijui nianzie wapi. Leo nalitoa.

Mnamkumbuka mshkaji ninayekaa naye chumba kimoja, yule mtoto wa mkulima wa hapa Indiana aliyenifundisha kuendesha trekta? Muhula huu hajarudi. Kitanda chake kitupu. Yuko kwao, kapata kibarua kwenye ghala la mahindi, anasema "labda Agosti." Na mimi nina mkono wangu humo.

Ilikuwa hivi. Novemba iliyopita, sikukuu ya Thanksgiving, walinialika kwao kula bata mzinga. Mzee wake ana pikapu ya Dodge Ram ya 1997, injini ya Cummins ya dizeli, lita 5.9, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Bodi imeliwa na kutu mpaka mlango wa abiria unafungwa kwa kamba, lakini ukiwasha injini inanguruma kama lori linapanda Kitonga. Inavuta tela la ng'ombe wala hailalamiki. Giaboksi tu ndiyo ilikuwa imeanza kusumbua, na fundi wa pale jirani alishasema inatengenezeka.

Basi bwana, mezani mzee akasema kule anakonunua magari wamemwambia Ram wanaachana na Cummins, injini mpya zitatoka Italia, kwa hiyo anayetaka Cummins achukue sasa hivi, mwakani atajuta. Akanigeukia: "Wewe si unasoma uhandisi wa mitambo? Na Columbus, yalipo makao makuu ya Cummins, ni hapa hapa Indiana. Mnasikiaje huko chuoni?" Nami kwa kujiamini kabisa nikajibu: "Hata sisi tumesikia."

Kweli nilikuwa nimesikia. Kwenye foleni ya kantini, kutoka kwa jamaa ambaye naye alisikia. Wiki mbili baadaye mzee akasaini mkopo wa gari jipya, miezi 72. Piga hesabu, ni miaka sita. Mavuno hayakulipa kama alivyotegemea, na pesa ya kwanza kukatwa nyumbani ikawa ada ya mtoto.

Sisi Waswahili tuna msemo wetu: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeufikiria sana msemo huu. Ubaya wake ni kwamba hauwezi kushindwa! Likitokea, ulisema. Lisipotokea, linakuja. Mtu akikuuzia kitu kwa msemo wa namna hiyo, wewe ndiye unayeshindwa.

Na uvumi huu una sababu ya kuaminika, tusidanganyane. Ulishawahi kuwa kweli kwa jirani. Ford kwa miaka mingi walikuwa wanachukua injini za dizeli kwa Navistar, wale wenye jina la International. Ile ya lita 7.3 watu waliipenda mno. Ikaja ya lita 6.0, mwaka 2003, na hapo ndipo kilio kilipoanza: kipoza oili kinaziba, kipoza moshi kinapasuka, gasketi ya silinda hedi inaungua. Magari yakawa yanarudi gereji yakiwa bado kwenye garanti. Januari 2007 Ford wakaenda mahakamani kudai Navistar wabebe sehemu ya gharama hizo. Navistar wakagoma. Februari wakasitisha kupeleka injini, mpaka jaji akaamuru waendelee. Wakapatana Januari 2009, wakakubaliana kuachana, na Ford wakatoa injini yao wenyewe ya lita 6.7, inayotengenezwa Chihuahua, Mexico, kwa magari ya modeli ya 2011.

Sasa tazameni hapo. Kuanzia kesi mpaka injini mpya kuingia barabarani ni zaidi ya miaka mitatu! Injini haibadilishwi kama betri ya simu. Lazima kiwanda kijengwe, ijaribiwe, ipite vipimo vya moshi vya serikali, boneti na giaboksi viikubali. Na yote hayo yanaacha alama ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma: kesi, kiwanda, mkataba. Aliyekuwa anataka kununua alikuwa na muda wa kutosha kukaa chini na kufikiri.

Halafu tazameni ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini. Haukuwa wa nguvu farasi wala wa nembo. Walikuwa wanagombania nani alipe ikiharibika. Hayo ndiyo maoni yangu leo, na mtu anipinge akitaka: ukisikia uvumi kwamba kampuni inabadilisha mtengenezaji wa injini, swali la kwanza siyo injini itatoka wapi. Swali ni nani analipa ikifa, na je, hao wawili wameshaanza kugombana kuhusu bili?

Chukueni GM. Injini yao ya Duramax ilianza na Isuzu. Waliunda kampuni ya pamoja mwaka 1998, kiwanda kikawa Moraine, Ohio, na injini ikaingia kwenye pikapu za modeli ya 2001. Mwaka 2022 GM wakainunua sehemu ya Isuzu yote. Kwa hiyo mbia kaondoka kweli, uvumi ungekuwa sahihi asilimia mia. Lakini jina ni lile lile, kiwanda kile kile, na garanti inabebwa na GM. Aliyekimbilia dukani "kabla Isuzu hawajaondoka" angekimbilia nini? Hata Nairobi ilikuwa hivyo. Mwaka 2017 Isuzu waliinunua hisa ya GM, kampuni ikaitwa Isuzu East Africa, na malori yakaendelea kutoka kama kawaida.

Turudi kwa Ram. Cummins wako kwenye pikapu hizi tangu modeli ya 1989. Tangu hapo Chrysler imepita mikononi mwa Wajerumani wa Daimler mwaka 1998, Cerberus 2007, Fiat baada ya kufilisika 2009, na Stellantis 2021. Daimler walikuwa na injini zao za dizeli, Fiat nao walikuwa nazo. Kila mwenye mali akibadilika ilikuwa rahisi kusema "safari hii Cummins wanaondoka." Hawakuondoka.

Hata kwenye lile balaa la moshi. Desemba 2023 Cummins walikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kwa madai kwamba programu za kompyuta za injini zao zilikuwa zinakwepa vipimo vya hewa chafu, yakiwemo magari kama 630,000 ya Ram ya 2013 mpaka 2019. Wenyewe hawakukiri kosa, lakini faini wamelipa wao. Hapo kama kulikuwa na siku ya kuachana ndiyo ilikuwa ile. Badala yake mkataba wao umeongezwa mpaka 2030.

Na hapa ndipo panaponiuma. Siku ile tunakula bata mzinga, habari ya mkataba ilikuwa imeshatangazwa hadharani. Kuitafuta ilikuwa kazi ya dakika tano. Simu ilikuwa mfukoni mwangu! Sikuitafuta kwa sababu mzee aliniheshimu mbele ya watu, nami nikataka nionekane najua.

Mtu atasema muuzaji ndiye mwenye kosa. Ndiyo, analo. Lakini muuzaji kazi yake ni kuuza, na mzee alimjua hivyo. Mimi aliniuliza kwa sababu hakutegemea kwamba nauza kitu. Uvumi wa dukani ulipata muhuri wa chuo kutoka kinywani mwangu.

Jumapili nilimpigia mshkaji nikamwambia yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema baba yake angenunua tu, alishalitamani lile gari siku nyingi. Sijui kama ni kweli au ananihurumia. Nikamwuliza ile Dodge ya zamani iko wapi. Wameipaki nyuma ya zizi, giaboksi bado haijatengenezwa. Tumekubaliana mapumziko ya machi niende tuifungue wenyewe. Ikipona, itauzwa. Anasema za mwaka ule bado zina wateja, hasa ukitaja ni Cummins.

Basi, nikirudi huko nitawaambia imefikia wapi. Mikono yangu itanuka oili, msinishangae.